KUCHAGUA KITABU CHA KWANZA CHA ELIMU YA KEMIA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



 Mimi si mwalimu wa kemia, wala sina cheti chake. Mimi ni karani wa bohari, na nililo nalo la kuwapa ni habari ya mtu aliyechagua kitabu vibaya akapotewa na mwaka mzima, kisha akachagua vema. Bwana Katibu ameniarifu ya kuwa wanachama wengi humwuliza, "Ninunue kitabu gani nianze kemia?" Wengine wataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wengine wataka kuwasaidia watoto wao jioni. Swali ni jema, na jibu lake si jina la kitabu kimoja tu.

Kwanza nitawaambia sababu iliyonisukuma mimi. Siku moja bohari yetu ililetewa mapipa ya unga wa klorini, ule wa kusafishia maji, na siku iyo hiyo madumu ya tindikali ya haidrokloriki. Naliandika idadi katika daftari kwa hati safi, nikaamuru vyote viwekwe katika chumba kimoja, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo na hesabu ilikuwa sawa. Akaja mzee mmoja, fundi wa maji, kuchukua mzigo wake. Akatazama, akaniambia, "Mwanangu, vitenge vitu hivi upesi. Vikivuja vikakutana, itatoka hewa itakayochoma mapafu ya kila mtu aliyemo humu." Mabwana, naliona haya. Majina yale naliyaandika bila kosa hata la herufi moja, wala sikujua maana ya hata jina moja.

Mwisho wa mwezi nalikwenda dukani. Palikuwa na vitabu vya kemia virefu na vifupi, nami nikachukua kilichokuwa kinene kuliko vyote, kwa kudhani ya kuwa penye kurasa nyingi ndipo penye elimu nyingi. Jina lake lilikuwa General Chemistry. Nalifasiri moyoni kwamba hiyo ni kemia ya watu wote. Kumbe jina hilo, katika vitabu vya Kiingereza, aghalabu ni jina la masomo ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu! Linus Pauling, bingwa wa Marekani, alipotoa kitabu chake chenye jina hilo mwaka 1947, aliwaandikia wanafunzi waliokwisha ingia chuoni, si mtu aanzaye alifu. Mtu asiyepata kusoma kemia yampasa atafute kitabu cha shule, au kile ambacho dibaji yake yasema waziwazi kwamba msomaji hakuwahi kusoma somo hili.

Mimi sikusoma dibaji. Nilipofika sura ya tatu nalikwama, nikakifunga kitabu, nikakaa mwaka mzima nikiamini ya kuwa kichwa changu hakifai kwa sayansi. Hili ndilo jambo ninalotaka mlichukue jioni hii: kitabu kisichomfaa msomaji hakimwambii, "Mimi sikufai." Humwambia, "Wewe ni mjinga." Naye msomaji husadiki. Najua wenzetu wawili walioacha masomo kwa uongo huo huo, nao ni watu wanaofunga hesabu za mwaka bila kupotewa na senti moja.

Sasa, mtu atajuaje kitabu kimfaacho kabla hajatoa fedha yake? Nimejifunza kukipima kwa mambo manne.

La kwanza, kipimeni kwa hesabu. Kila mmoja wetu wa pwani amepata kuona tanuri la chokaa. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa moto mkali, ikatoka chokaa. Tukichukua jiwe la namna hiyo lililo safi kabisa, ratli 100, likaungua lote sawasawa, tutapata chokaa ratli 56 tu. Ratli 44 zimekwenda wapi? Karani yeyote angeuliza hivyo, maana ni upungufu katika bohari. Jibu ni kwamba zimetoka kwa njia ya hewa, nayo ni kaboni dioksidi. Na 56 pamoja na 44 ni 100 kamili. Uzito wa kalisi ni 40, wa kaboni ni 12, na wa oksijeni ni 16. Jiwe lile lina kalisi moja, kaboni moja na oksijeni tatu, basi jumla ni 100. Katika chokaa imebaki kalisi moja na oksijeni moja, nayo ni 56. Huo ndio mlinganyo wa kemia, nao si kitu kigeni kwetu: ni daftari la mapokezi na matoleo. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, aliyeifanya mizani kuwa hakimu wa elimu hii, alikuwa mwenyewe mshirika katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi. Basi fungueni sura ya milinganyo hapo hapo dukani, msome kurasa tatu. Kama mwandishi amewaonyesha kila tarakimu imetoka wapi, kitabu hicho ni mwalimu. Kama ameruka kutoka mstari wa kwanza hata jibu, kirudisheni rafuni, hata kama chasifiwa na wakubwa.

La pili, tazameni mazoezi na majibu yake. Mwanafunzi wa shule akikosea yuko mwalimu wa kumsahihisha. Sisi tusomao kwa taa baada ya kazi hatuna mtu. Kitabu kisicho na majibu mwishoni ni kama hesabu isiyokaguliwa: mtu aweza kukosea tangu ukurasa wa 20 asijue hata afike ukurasa wa 200.

La tatu, tazameni umri wake. Lavoisier huyo alitoa kitabu chake cha misingi mwaka 1789, nacho kilikuwa na orodha ya vitu 33 alivyovihesabu kuwa elementi, yaani vitu visivyoweza kugawanywa kuwa vitu vingine. Katika orodha hiyo aliweka mwanga na joto, ambavyo si vitu vya kupimwa kwa mizani. Akaweka na chokaa yenyewe. Ilikuwa mwaka 1808 Humphry Davy alipoitenga kalisi mjini London, ikadhihirika kwamba chokaa si elementi. Ikiwa kitabu cha bingwa kilizeeka kwa miaka 19, vitabu vyetu je? Orodha ya leo ina elementi 118, na nne za mwisho zilipewa majina mwaka 2016. Kitabu kinachokoma kwenye 92 ni cha kale. Hatari yake si hesabu tu. Vitabu vya kale viliwaagiza wanafunzi kutumia benzini kama kiyeyushi cha kawaida, na kupashia vyombo moto juu ya wavu wenye asbesto. Leo yajulikana ya kuwa vyote viwili huleta saratani.

La nne, tazameni kama kitabu chawaambia mfanye jambo kwa mikono yenu, tena jambo la salama. Hapa nina mfano mkubwa. Mwaka 1805 kijana mmoja maskini wa umri wa miaka 14, jina lake Michael Faraday, aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu mjini London. Katika vitabu vilivyopita mikononi mwake kilikuwamo Conversations on Chemistry cha Bibi Jane Marcet, mazungumzo ya mwalimu wa kike na wasichana wawili. Faraday hakukisadiki tu. Alifanya majaribio madogo kwa kadiri ya uwezo wake, akaona kitabu chasema kweli. Mwaka 1813 akaajiriwa kumsaidia yule yule Davy, na mwaka 1825 yeye ndiye aliyeigundua benzini. Hata uzeeni alikiri deni lake kwa Bibi huyo. Mabwana, kitabu kilichomwinua si kile kilichoandikiwa mabingwa. Ni kile kilichomkuta mahali alipokuwa amesimama.

Yawezekana mtu aseme, "Karani amekwepa, hakutaja kitabu." Basi nitataja. Vitabu vya sayansi viitwavyo Everything Science, vilivyotengenezwa na Siyavula huko Afrika ya Kusini kwa madarasa ya 10 hata 12, vyaruhusiwa kusomwa na kunakiliwa bure. Cha darasa la 10 chaanzia mwanzo, nacho kina fizikia na kemia pamoja. Kile kitolewacho bure na OpenStax wa Marekani, kilichochapishwa kwanza mwaka 2015, ni kizuri sana, lakini ni cha chuo; kiacheni kiwe cha pili. Na kwa kuwa vitabu hivi ni vya Kiingereza, wekeni kando Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1990, ili neno geni lisiwazuie njiani.

Mimi nalianza tena kwa kitabu chembamba cha shule, kurasa nne kila jioni, penseli mkononi. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miezi minane nalibandika ukutani mwa bohari karatasi ionyeshayo kitu gani kisiwekwe karibu na kipi, na yule mzee fundi wa maji aliisoma toka juu hata chini, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Bwana Rais, kwa idhini yako naleta ombi moja. Katika kabati la chama mna vitabu vya kemia tulivyopewa zawadi, ambavyo vingi vina umri kuliko sisi. Naomba wanachama watatu wachaguliwe wavipime kwa mambo hayo manne. Vilivyopitwa na wakati viandikwe juu yake kwamba ni vya historia tu, na fedha kidogo itengwe tupate nakala mbili za kitabu cha kwanza kilicho chema. Asije ndugu yetu mwingine akafunga kitabu usiku, akalala akijiita mjinga, na kosa si lake.