Bingwa Mwenye Kazi ya Mikono



Mmeniomba niseme juu ya michezo. Nimemchagua Pierre Etchebaster, Mbaski wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1893. Mchezo wake ni tenisi ya kale, ichezwayo ndani ya jumba, ambamo mpira huruhusiwa kugonga kuta.

Mwaka 1927 aligombea ubingwa wa dunia na Mwingereza Fred Covey, akashindwa. Mwaka 1928 akarudi, akashinda. Aliushika ubingwa huo mpaka mwaka 1954, akauacha kwa hiari yake akiwa na miaka 60.

Hata hivyo bingwa huyu alikuwa mwajiriwa wa klabu moja ya New York. Mchezaji wa kulipwa wa tenisi hiyo huwafundisha wanachama, hufunga nyuzi za raketi, na hushona mipira kwa mkono.

Nasikia wapo wenzetu wasiokuja mikutanoni kwa kuona haya, eti wao ni mafundi tu. Mimi ni fundi cherehani, na nimekuja. Waambieni nao waje mwakani.