KUJITOLEA SIKU YA MTO
(Hotuba ya mwanachama wa reli kwa wenzake wa Makongeni na Kaloleni)



Nimeombwa kusema machache juu ya siku ya michezo itakayofanywa ukingoni mwa Mto Nairobi, ambayo tawi letu limealikwa kupeleka watu wa kujitolea. Najua wengine wananong'ona: "Chama hupigania mshahara, mbona leo kinatuita kwenye kazi ya bure?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu.

Kwanza, mto huu watuhusu. Jina la mji limetoka katika Kimaasai, maana yake maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, kambi iliwekwa hapa kwa sababu palikuwa na maji na uwanda kabla ya kupanda milima. Baadaye mji ulikua, na mto ukapewa taka.

Pili, ukingo waweza kutengenezwa. Tangu mwaka 2008 Waziri John Michuki alisimamia usafishaji karibu na Globe, na mwaka 2020 pakafunguliwa bustani yenye jina lake. Korogocho nako, vijana wa Komb Green waligeuza jaa kuwa bustani kwa mikono yao. Tena masika ya 2024 mafuriko yaliingia majumbani Mathare na Mukuru, yakaua watu. Basi habari za mto si habari za mchezo tu.

Sasa jibu langu. Kuzoa taka, kuchimba tope na kuzibua mifereji ni kazi ya mshahara. Mwaka 2024 Serikali ilianza kuwaajiri vijana kwa kazi hiyo katika mpango wa Climate WorX. Sisi tukienda na majembe bure, twamnyang'anya kijana riziki yake. Tukipewa jembe siku hiyo, tuulize kwanza kazi hiyo ni ya nani, na nani atamlipa.

Lakini kupanga watoto mbioni, kushika kamba, kugawa maji ya kunywa, kufunga kidonda cha aliyeanguka, hayo ni ujirani. Wala hayamwondolei mtu chakula. Zaidi ya yote, watu wazima wasimame ukingoni, mtoto asiingie majini, kwani maji yale yana kinyesi na taka za viwanda. Mpira ukianguka mtoni, uachwe uende.

Wanaotaka kusaidia wampe katibu majina yao, wakitaja zamu zao. Aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza, maana mwenye usingizi hafai kulinda watoto kando ya maji. Akina mama waliozoea huduma ya kwanza watatufaa sana. Na atakayekataa asilaumiwe, kwa maana anayelazimishwa hakujitolea.

Ndugu zangu, hayo ndiyo niliyokuwa nayo.