Somo la Neno NAKUBALI

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja anayo karatasi ya somo mbele yake. Kama jirani yako hana, msogezee yako mkasome pamoja.

Leo tunalo neno moja tu. Mwalimu wa darasa, tafadhali liandike ubaoni kwa herufi kubwa: NAKUBALI. Someni wote. Na-ku-ba-li. Vema sana. Hata ninyi mlioanza mwaka huu mmelisoma bila kusaidiwa. Neno hili mtalikuta mara nyingi, maana wenye simu za kupangusa huulizwa karibu kila wanapoingiza kitu kipya. Juu yake huwa pana maandishi marefu, madogo kama mayai ya chawa, na chini kabisa kuna kitufe. Wengi wetu tunakibonyeza kwanza, halafu ndipo tunauliza.

Tuanze sokoni, maana soko kila mtu analijua. Unakwenda kununua sufuria. Unaigeuza, unaigonga kwa ukucha usikie mlio wake, mnapatana bei, unalipa, unakwenda zako. Tangu hapo sufuria ni yako. Upike wali, upike maharage, umwazime jirani, hata uitoboe uoteshe mchicha, aliyekuuzia hana neno. Wala hakufuati nyumbani kuchungulia unapika nini.

Lakini wimbo si sufuria. Nikikuazima sufuria yangu, mimi nabaki sina. Nikikunakilia wimbo, wewe unao na mimi ninao, na yule aliyeutunga hakupata hata senti. Kwa sababu hiyo kuna sheria ya hakimiliki. Hakimiliki ni haki ya mtu aliyetunga wimbo, kitabu au picha, kusema nani atainakili kazi yake na kwa malipo gani. Sheria inayotumika Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, na ya Kenya ni ya mwaka 2001. Nami naiona ni haki. Mwimbaji naye ana watoto wa kulisha.

Intaneti ilipoenea, kunakili kukawa rahisi kama kupiga mluzi, na makampuni ya muziki yakaingiwa na hofu. Mwaka 1998 Marekani ikatunga sheria iliyosema kwamba mwenye kazi akiitia kufuli la kompyuta, ni kosa mtu kulivunja kufuli hilo, ila kwa mambo machache yaliyoruhusiwa. Sikilizeni vizuri hapo. Kosa si kuiba peke yake. Hata kulivunja kufuli la kitu ulichokinunua kwa fedha yako mwenyewe laweza kuwa kosa.

Sasa nawapa kisa. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza huko Marekani CD zenye kufuli. Zilikuwa albamu 52, za waimbaji mbalimbali. Mnunuzi alipotia CD ndani ya kompyuta yake asikilize, yalitokea maandishi marefu, na chini yake kitufe cha kukubali. Maandishi yalisema kwamba programu ndogo itawekwa ndani ya kompyuta. Hayakusema kwamba programu hiyo itajificha, asiione mwenye kompyuta wala asiweze kuitoa. Tena kila CD ilipochezwa, kompyuta ilipeleka habari kwa kampuni. Ni kama umenunua sufuria, ukafika nayo nyumbani, kumbe ndani yake amejikunyata mtu.

Aliyemgundua mtu huyo ni fundi mmoja hodari wa kompyuta, Mark Russinovich, naye alimkuta ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Alipoing'oa programu ile kwa nguvu, chombo chake cha kusomea CD kikaacha kufanya kazi, ikambidi ahangaike kukirudisha. Tarehe 31 Oktoba 2005 akaandika habari hiyo watu wote waisome. Siku chache baadaye wahalifu nao wakaona kwamba pale programu ile ilipojificha pana nafasi, wakazificha programu zao mbaya hapo hapo. Mlinzi wa nyimbo akawa amewafungulia wezi mlango wa nyumba.

Mkubwa mmoja wa kampuni akahojiwa katika redio. Maana ya jibu lake ilikuwa hii: watu wengi hata hawajui kitu kama hicho ni nini, basi kwa nini wakijali?

Hapa naomba tusimame kidogo, maana jibu hilo linatuhusu sisi tuliomo darasani kuliko watu wengine. Kwa miaka mingi asiyejua kusoma aliambiwa, "Tia dole gumba hapa, mambo mengine si kazi yako." Akatia dole kwenye deni, akatia dole kwenye shamba, akaja kujua shamba limekwenda. Yule bwana wa redioni hakutuona sisi, wala hakuwa na habari zetu. Lakini alitegemea jambo lile lile, kwamba asiyejua hatauliza.

Waliuliza. Wanunuzi walionyana wasizinunue CD zile, na wengine wakaenda mahakamani. Jimbo la Texas nalo likaishtaki kampuni mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Kabla mwezi haujakwisha, kampuni ilikuwa imetangaza kuziondoa CD hizo madukani, na kuwaambia walionunua wazirudishe wapewe nyingine zisizo na kufuli. Mwaka 2007 kampuni nyingine kubwa, EMI, ikaanza kuuza nyimbo zake kwenye intaneti bila kufuli, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba duka lake lote la nyimbo litafanya hivyo. Sidhani walifanya kwa huruma. Waliona kwamba aliyefungwa na kufuli ni mnunuzi mwaminifu. Mwizi alikwisha kupita dirishani zamani.

Kisa cha pili ni kifupi. Mwezi wa Oktoba 2011 mswada uliojulikana kwa jina la SOPA ulipelekwa katika Bunge la Marekani. Ulitaka mahakama ziweze kuamuru tovuti ya nchi ya nje, ikishtakiwa kwa kueneza kazi za wizi, ifichwe isionekane Marekani, na malipo yake yakatwe. Walioupinga walisema kwamba soko zima litafungwa kwa kosa la mwenye meza moja.

Kampuni ya GoDaddy ilikuwa upande wa mswada. Kazi ya kampuni hiyo ni kuandikisha majina ya tovuti. Jina la tovuti ni kama kibao cha duka, nawe unakilipia kila mwaka ili watu wakuone. Tarehe 22 Desemba 2011 wateja wakaanza kuitana wahamishie vibao vyao kwa mwandikishaji mwingine. Kesho yake kampuni ikatangaza kwamba haiungi mkono mswada tena. Siku moja tu! Hata hivyo wengine walihama, na mwanzilishi wa Wikipedia, Jimmy Wales, akatangaza kwamba majina ya Wikipedia nayo yatahamishwa. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ikafunga mlango siku nzima kwa kupinga mswada ule. Tarehe 20 ukawekwa kando, wala haukupitishwa.

Mtaniuliza, kwa nini kampuni ilitii upesi hivyo? Nionavyo mimi, ni kwa sababu kuhama kulikuwa rahisi. Jina ni lako, unalibeba, unakwenda nalo. Linganisheni na habari ya WhatsApp ya Januari 2021, ambayo huenda baadhi yenu mnaikumbuka. Lilitokea tangazo la masharti mapya, watu wakaogopa kwamba habari zao zitakwenda kwa Facebook, mwenye WhatsApp tangu mwaka 2014. Si kila hofu ilikuwa ya kweli, maana ujumbe wa mtu kwa mtu ulibaki umefungwa. Jambo kubwa lilihusu mazungumzo na wafanyabiashara. Lakini watu kwa mamilioni waliingiza Telegram na Signal, na kampuni ikasogeza tarehe ya kukubali kutoka 8 Februari mpaka 15 Mei. Hata hivyo WhatsApp haikuhamwa. Utahamaje peke yako, na shangazi yuko huko, na kikundi cha mchango wa harusi kiko huko? Kwa hiyo, kabla hujaingia mahali, yafaa ujiulize kama utaweza kutoka.

Tuje sasa kwenye simu iliyo mkononi mwako. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilimshtaki mtengenezaji wa programu ya tochi, ya kumulikia gizani tu. Tochi hiyo ilikuwa ikipeleka kwa watu wa matangazo habari ya mahali alipo mwenye simu. Kulikuwa na kitufe cha kukubali na kitufe cha kukataa. Lakini kabla mtu hajabonyeza hata kimoja, habari zilikwisha kuanza kwenda!

Nasi kwetu tuliona programu za mikopo. Mtu anataka shilingi elfu chache za karo, anaulizwa kama programu iruhusiwe kuona majina yote ya simuni, anasema ndiyo. Akichelewa kulipa siku mbili, wanampigia mkwewe. Aibu ya namna hiyo hailipiki kwa riba. Benki Kuu ya Kenya iliwakataza wakopeshaji jambo hilo kwa kanuni za mwaka 2022. Sheria za kulinda habari za mtu zipo pia: ya Kenya ni ya mwaka 2019, na ya Tanzania ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zinakupa haki ya kuuliza ni habari gani zako zimewekwa, na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Lakini sheria huja baada ya mkwe kupigiwa simu. Kitufe huja kabla.

Habari njema ni kwamba simu nyingi za sasa huuliza jambo moja moja, na ukiiweka simu kwa Kiswahili utaona maneno mawili: RUHUSU na USIRUHUSU. Mwalimu, yaandike chini ya lile la kwanza. Tazameni tofauti: ni herufi tatu tu, U, S na I, mwanzoni. Tochi yataka kujua mahali ulipo kwa kazi gani? Usiruhusu. Mchezo wa karata wataka kusikia sauti yako kwa nini? Usiruhusu. Ramani yataka kujua ulipo? Hiyo ina haki, maana itakuonyeshaje njia? Ruhusu, ukipenda. Na ukikataa, mara nyingi kitu hicho kitafanya kazi vilevile. Kisipofanya, basi umejua bei yake, nawe waweza kukiacha sokoni kama ungeiacha sufuria yenye ufa.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwenye simu atafute mahali palipoandikwa Mipangilio, kisha Programu, achague programu moja, asome palipoandikwa Ruhusa. Andikeni katika daftari jina la programu, mambo inayoruhusiwa, na mbele ya kila jambo andikeni: inahitaji, au haihitaji. Msioelewana mbishane, mwalimu awasikilize. Asiye na simu akae na mwenye simu, naye ndiye awe mwandishi.

Juma lijalo, saa ile ile, tutasoma pamoja karatasi ya mkopo, mstari kwa mstari. Kwaherini.