Bwana Mkubwa, au Bwana?

Somo: Luka 5:1-11



Sote twamfahamu bwana mkubwa wa ofisini au wa shambani. Akitokea, kila mtu hushughulika. Akiisha kupita, kazi hulala na maongezi huanza.

Simoni Petro naye alianza kwa kumwita Yesu jina hilo. Alikuwa amevua usiku kucha bila kupata kitu, na Yesu akamwamuru ashushe nyavu tena. Petro alijibu kwa heshima, akimwita "Bwana mkubwa". Neno la Kiyunani hapo ni "epistates", maana yake asimamaye juu ya wengine, yaani msimamizi. Katika Agano Jipya ni Luka peke yake alitumiaye. Petro alitii kama mfanyakazi amtiivyo mkubwa wake.

Lakini mashua mbili zilipojaa samaki hata zikataka kuzama, Petro alianguka magotini pa Yesu, akakiri kwamba yu mwenye dhambi. Mara hii hakusema "epistates". Alisema "Kurios", Bwana. Ni kweli, neno hilo liliweza kutumiwa hata kwa bwana mwenye watumwa. Lakini katika Agano la Kale la Kiyunani, lililosomwa na kanisa la kwanza, ndilo lisimamalo mahali pa Jina la Mungu. Msimamizi huona kazi ya mikono. Bwana huona moyo.

Petro hakufika hapo mara moja. Kule mlimani, katika Luka 9:33, alirudia kusema "epistates". Nasi twafanana naye. Jumapili twamwimbia Bwana; Jumatatu twamtumikia kama msimamizi aliyekwenda safari. Twapima mahindi kwa debe lililobonyezwa, twachelewesha mshahara wa mtumishi wa nyumbani, kisha twajiambia hakuna aliyeona. Paulo, katika Waefeso 6:9, awakumbusha walio mabwana kwamba nao wana Bwana mbinguni, wala hana upendeleo.

Petro aliziacha nyavu siku ile ile zilipojaa. Je, sisi leo twashikilia nini ambacho msimamizi hakioni, lakini Bwana akijua?

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliokutii kwa macho tu. Utawale mizani zetu, nyumba zetu na mioyo yetu, hata pasipo mtu wa kutuona. Amina.