Kutazama Si Kusoma: Namna ya Kujifunza Kompyuta kwa Masomo ya Video

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Litapunga, mkoani Katavi



Ndugu wajumbe wa kamati, wazazi, vijana, pamoja nanyi ndugu wafadhili mtakaoisoma mada hii katika jarida letu.  Tumeombwa tuzungumzie vijana waliomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea: je, wanaweza kujifunza sayansi ya kompyuta kwa video, bila kwenda chuo cha mbali? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo mada yetu ya leo.

Kozi zenyewe zikoje?

Tuchukue mfano wa kozi moja inayojulikana sana, CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Profesa David Malan ameifundisha tangu mwaka 2007. Video zake hutolewa bure, na leseni yake inaruhusu kuzinakili na kuzigawa mradi tusizifanyie biashara na tuwataje wenyewe. Kwa hiyo parokia inaweza kuzipakua mara moja mjini Mpanda, ikaziweka kwenye diski, na vijana wakazitazama bila kununua bando kila siku.

Kozi inaanza na Scratch, programu ya kupanga maelekezo kwa vipande vya rangi, ambayo inapatikana hata kwa Kiswahili na inaweza kutumika bila intaneti. Baadaye inakwenda kwenye lugha ya C, kisha Python, hifadhidata na utengenezaji wa tovuti. Mhadhara mmoja huchukua takriban saa 2.

Hapa ndipo penye mtego. Kozi imepangwa kwa wiki 11, na waandaaji wanakadiria kuwa mwanafunzi atahitaji saa 6 hadi 18 kila wiki. Ondoeni saa 2 za mhadhara. Zinazobaki zote ni za mazoezi. Maana yake, kijana aliyemaliza kutazama video zote bado hajafanya sehemu kubwa ya kozi.

Wanaoanza ni wengi, wanaomaliza ni wachache

Vyuo vya Harvard na MIT vilitoa taarifa ya kozi zao 17 za kwanza kwenye intaneti, za mwaka wa masomo 2012/2013. Uandikishaji wote katika kozi hizo ulikuwa 841,687. Uandikishaji uliofikia cheti ulikuwa 43,196, yaani kama 5 katika kila 100. Ni kweli kwamba wengine walijiandikisha kwa udadisi tu. Hata hivyo, kama ndivyo ilivyo kwa watu ambao wengi wao wana umeme na intanetI nyumbani, sisi tukinunua kompyuta na kuwaachia vijana video peke yake tutegemee nini?

Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wasiwe wasikiaji wa neno wasiolitenda. Onyo hilo linafaa darasani pia. Mwalimu wa video ni fasaha, anaeleweka, na kijana anaondoka akiamini kuwa amejua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma habari fulani na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kuiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Basi tusidanganywe na hali ya siku ile ile.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwanza, video ikatwe vipande. Kikundi kitazame dakika 10 hadi 15, kisha kisimamishe. Kila kijana aandike kwenye daftari, bila kutazama nyuma, mambo aliyoyaelewa na swali moja. Ndipo waendelee. Mhadhara wa saa 2 uchukue siku tatu au nne.

Pili, mkono ufanye kazi siku hiyo hiyo. Programu iliyoonyeshwa na mwalimu iandikwe upya na kijana mwenyewe, kisha aibadilishe kidogo aone kitakachotokea. Kompyuta ikikataa, asikimbilie kunakili jibu la mwenzake. Asome ujumbe wa kosa, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, ajaribu tena. Kutafuta kosa kwa uvumilivu ndiyo kazi halisi ya fundi wa programu.

Tatu, si kila zoezi linahitaji umeme. Katika mhadhara wa kwanza wanafunzi hufundishwa kutafuta jina katika kitabu cha simu. Sisi tunaweza kutumia orodha ya waumini wa jumuiya. Chukueni majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Anayetafuta kuanzia mwanzo huenda akasoma yote 1,000. Lakini akifungua katikati, akatambua kama jina liko nusu ya mbele au ya nyuma, akaiacha nusu isiyohusika na kurudia hivyo hivyo, atalipata kwa hatua zisizozidi 10. Majina yakiwa 2,000, inaongezeka hatua moja tu. Kijana aliyelifanya hilo kwa karatasi ameshika jambo kubwa la sayansi ya kompyuta kabla hajagusa mashine.

Nne, lugha. Kozi ni ya Kiingereza, na kijana anaweza kushindwa na maneno badala ya somo. Maandishi chini ya video yawashwe. Kila kikundi kiwe na daftari la msamiati, na mwisho wa kipindi mmoja awaeleze wenzake somo kwa Kiswahili. Asipoweza kulieleza, warudi kwenye kipande hicho.

Tano, kalenda iwe yetu. Wiki 11 za Harvard si sheria. Mvua zikianza Novemba, vijana wako shambani. Tuipange kozi miezi ya kiangazi, mhadhara mmoja kwa wiki mbili au tatu, na msimu wa kilimo uwe wa marudio mafupi. Vipindi viishe kabla ya giza ili mabinti wafike nyumbani salama, na wazazi wawapunguzie kazi siku za masomo. Bila hivyo darasa litabaki la wavulana.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Ndugu wajumbe, kabla ya kuomba kompyuta ya tano, hakikisheni kompyuta ya kwanza ina meza, umeme wa uhakika na msimamizi. Kompyuta mpakato inakula umeme kidogo kuliko ile ya mezani, hivyo inafaa penye sola. Vijana wawili kwa mashine moja si hasara, mradi wapokezane: mmoja anaandika, mwenzake anakagua. Msimamizi si lazima awe mtaalamu. Awe mtu wa kutunza ratiba, kukagua madaftari na kukusanya maswali, kisha mara moja kwa mwezi apeleke maswali hayo, pamoja na mazoezi ya wanaotaka cheti, mahali penye intaneti.

Ndugu wafadhili, msituulize tu kompyuta ni ngapi na waliohudhuria ni wangapi. Tuulizeni mambo matatu: ni mazoezi mangapi kila kijana ameyamaliza mwenyewe, ni wangapi wanaoweza kueleza walichokifanya, na walioacha waliacha kwa sababu gani. Picha ya vijana mbele ya kompyuta haijibu hata moja kati ya hayo.

Mwisho wa kozi kila mwanafunzi hutengeneza kazi yake. Tunapendekeza kazi hiyo iwe na manufaa hapa hapa. Kwa mfano, programu ndogo ya Python ya kujumlisha hisa za kikundi cha VICOBA. Waanze na majina ya kubuni, ili siri za wanachama zilindwe, na daftari la karatasi liendelee kutumika. Jumla ya kompyuta ikilingana na ya mkono mara kwa mara, wanakikundi wenyewe wataona thamani ya masomo hayo.

Hatuahidi kwamba kila atakayeanza ataajiriwa. Tunachosema ni kwamba kijana aliyezoea kugawa tatizo kubwa vipande na kulitatua hatua kwa hatua amepata akili ya kazi itakayomfaa popote. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Watu wa Mpanda tunaijua asali, hatuwezi kudanganywa na nta tupu.