Krismasi ya Watu Waliovuka Mpaka

Hotuba ya kamati ya jamii, iliyosomwa Dabani, wilaya ya Busia, katika siku za Majilio

  

Kwa niaba ya kamati tunashukuru kupewa nafasi hii. Tumetaka kusema maneno yetu hapa Dabani, jirani na mji wa Busia, kwa sababu huu ndio upande tuliokanyaga kwanza. Mwezi wa Januari 2008 maelfu ya watu walitoka Kenya wakaingia Uganda kwa njia ya Busia na Malaba. Wengine walipita langoni mchana, wengine walipita njia za panya usiku, wakiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Baadaye tulikusanywa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, na kabla mwaka ule haujaisha waliobaki walihamishiwa makazi ya Kiryandongo. Wengi walirudi Kenya. Sisi wengine tulibaki. Leo tumekuja kuongea juu ya Krismasi, kwa maana shida yetu yote ilianza katika juma la Krismasi.

Ndugu wapenzi, mnakumbuka Krismasi ya mwaka 2007? Ilikuwa siku ya Jumanne. Ndugu zetu walikuwa wamefika kutoka mijini, watoto walivaa nguo mpya, chapati zilipikwa mpaka usiku. Mtu angetuuliza siku ile maana ya Krismasi tungemwambia ni kuwa nyumbani, kushiba, na kuonana na jamaa. Alhamisi, tarehe 27, tulipanga foleni kupiga kura. Kisha ikaja Jumapili, tarehe 30 Desemba.

Jumapili ile Kanisa Katoliki liliadhimisha sikukuu ya Familia Takatifu. Kwa utaratibu wa masomo wa mwaka ule, Injili iliyosomwa ilitoka katika Mathayo, sura ya pili: jinsi Yosefu alivyoonywa katika ndoto, akaamka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Sisi tuliokuwa kanisani asubuhi ile tuliisikia kama hadithi ya watu wa zamani. Wengine tulikuwa na redio ndogo mfukoni, na mawazo yetu yalikuwa kwenye matokeo ya kura. Jioni matokeo yakatangazwa, na usiku ule tukaanza kuona moshi. Somo tulilolisikia asubuhi bila kulitilia maanani, sasa tulilitembea kwa miguu yetu wenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalotaka kusema ni hili. Krismasi haikupotea tulipopoteza nyumba. Tulipovuka mpaka ndipo tulipoingia ndani ya Krismasi yenyewe. Hebu tuitazame tena. Kaisari Augusto alitoa amri watu wote waandikwe, na Yosefu akasafiri na mke mja mzito ili akaandikwe jina. Nani kati yetu asiyejua kazi ya kuandikwa? Tumesimama foleni, tumeulizwa majina ya watoto mara tatu, tumeweka alama ya kidole. Mwana wa Mungu alizaliwa katikati ya shughuli kama hiyo, mahali pa wageni palipokuwa pamejaa, akalazwa katika hori ya kulishia ng'ombe. Kabla hajajua kusema, alikuwa tayari mkimbizi. Jina mojawapo alilopewa ni Imanueli, maana yake Mungu pamoja nasi. Halikusemwa jina hilo juu ya watu waliokaa salama tu. Tumaini la Krismasi halikuahidi kwamba hatutakimbia kamwe. Liliahidi kwamba hata tukikimbia, hatukimbii peke yetu.

Lakini tusidanganyane. Kuna swali ambalo akina mama wa Mulanda walituuliza usiku, na hatukuwa na jibu jepesi. Malaika alimwonya Yosefu, naye akaponea. Je, watoto wengine wa Bethlehemu? Wao hawakuonywa na mtu. Kanisa huwakumbuka tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, wakati vyungu bado havijaoshwa. Nasi tunao wa kwetu. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa moto humo, wengi wao akina mama na watoto. Tarehe 27 Januari, mjini Naivasha, watu wa kabila lingine walichomwa ndani ya nyumba walimojificha. Waliokufa hapa na waliokufa pale hawakuwa wa kabila moja, lakini moshi ulikuwa mmoja. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko yale.

Hatutasimama hapa kusema kwamba Mungu alitupenda sisi tuliovuka kuliko wao. Neno kama hilo ni la kiburi, na ni tusi kwa marehemu. Mathayo mwenyewe hakujaribu kuufunika msiba ule. Aliandika kwamba Raheli anawalilia watoto wake na hataki kufarijiwa, na akayaacha machozi hayo ndani ya habari ya Krismasi. Tunachoweza kusema ni hiki tu: Mtoto aliyeponea Bethlehemu hakuponea ili akae raha. Alikua, akapanda kwenda Yerusalemu, na huko akauawa na wenye mamlaka. Aliyeokolewa siku ile alikuja kuutoa uhai wake, na waliokufa hawakuachwa nyuma yake. Hilo ndilo tunaloliita wokovu. Anayelia, na alie. Krismasi ina nafasi ya kulia.

Sasa tuseme juu ya Misri. Misri ndiyo nchi iliyowatumikisha wana wa Israeli kwa matofali na mijeledi. Jina lake lilikuwa jina la utumwa. Na huko huko ndiko Mungu alikomficha Mwanawe. Kwa hiyo hakuna nchi iliyoandikiwa ubaya milele. Wazee wa Dabani mnalijua jambo hili kuliko sisi. Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, wananchi wengi wa Uganda waliikimbia nchi yao, na wengine walivukia papa hapa Busia na Malaba kwenda Kenya. Mwaka 2008 njia ile ile ilileta watu kutoka upande wa pili. Jana mgeni wangu, leo mimi mgeni wako. Tena mpaka huu haukushuka kutoka mbinguni. Hadi mwaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Uganda, ndipo Waingereza wakauhamisha mstari. Wasamia wako huku na huku. Wateso wako huku na huku. Mstari ulichorwa katikati ya jamaa, na jamaa wakaendelea kuzikana na kuozana.

Na ninyi watumishi wa mashirika, neno letu kwenu ni hili. Injili haikuandika jina la Mmisri hata mmoja. Hatujui ni nani aliyempa Maria maji, ni nani aliyemwonyesha Yosefu mahali pa kufanya kazi yake ya useremala. Lakini lazima walikuwepo, la sivyo Mtoto asingekua. Wakristo wa Misri, Wakopti, hadi leo wanaheshimu mahali ambapo, kwa mapokeo yao, familia ile ilipumzika. Vivyo hivyo majina ya waliotuandikisha, waliotuchimbia vyoo, waliotupimia posho na maharagwe, wa Msalaba Mwekundu na wa UNHCR na wa serikali ya Uganda, mengi tumeyasahau. Kazi yao hatujaisahau. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda ilitupa jembe kwa maana halisi: tulipewa viwanja tukalima. Tunaomba tu jambo moja. Mkishika orodha zenu, kumbukeni kwamba Mwokozi naye alikuwa jina kwenye orodha.

Kisha kuna habari ya kurudi. Wengi hufikiri wokovu kwa mkimbizi ni siku ya kurudi nyumbani, mambo yakawa kama yalivyokuwa. Tuwaulize waliorudi. Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wetu, Mwai Kibaki na Raila Odinga, walitia sahihi mapatano, Kofi Annan akiwa mpatanishi. Tulishangilia. Wengine walirudi wakakuta shamba lina mwenyewe mwingine, au jirani yule yule anayetazama chini ukimsalimu. Yosefu naye, Herode alipokufa, aliambiwa arudi. Alipofika alisikia kwamba Arkelao, mwana wa Herode, anatawala Yudea, naye akaogopa. Hakwenda Bethlehemu. Akaenda kukaa Nazareti ya Galilaya. Mungu hakumkemea kwa woga ule, bali alionywa tena katika ndoto, na Nazareti ndiko Mtoto alikokulia. Basi ndugu aliyerudi Kenya lakini hakurudi kwenye kiwanja chake, asione amekosa imani. Na aliyebaki Kiryandongo asione ameisaliti nchi. Kila mmoja na Nazareti yake.

Tunafika mwisho, na hapa ndipo penye uzito, kwa maana kamati imetutuma tuungame. Jina Yesu maana yake ni kwamba Bwana anaokoa. Lakini anaokoa na nini? Sisi tungependa iandikwe kwamba atatuokoa na adui zetu. Malaika alimwambia Yosefu jambo jingine: kwamba atawaokoa watu wake na dhambi zao. Zao wenyewe. Si za jirani.

Krismasi yetu ya kwanza katika makazi, Desemba 2008, tuliamua kupika pamoja. Tulichanga unga wa ngano na mafuta ili watoto wapate chapati. Kati yetu alikuwepo mtu mmoja wa kabila la wale waliotufukuza. Alikuwa amemwoa binti wa kwetu, na vijana wa kabila lake walipokuja kumtoa mke wake nyumbani, alikimbia pamoja naye. Alipoteza kila kitu kama sisi, na zaidi yake alipoteza ndugu zake. Kamati ikagawanyika. Wengine tulisema hawezi kuketi nasi, watu bado wana machungu. Mama mmoja mzee alituuliza kama Yosefu naye hakuwa raia wa Herode. Hatukumjibu. Mwishowe tulipitisha kwamba yule bwana apewe chakula, lakini baada ya wengine wote, na alie nyumbani kwake. Alikuja na sahani, akasimama pembeni mpaka watoto wakamaliza. Akapokea, akashukuru, akaondoka.

Tulikuwa tumesoma sala, tulikuwa tumeimba. Na mlangoni petu wenyewe tulimwambia mtu kwamba hakuna nafasi. Hatukushika panga, lakini lile neno lililoshikisha wengine panga tulikuwa nalo mdomoni. Mwaka uliofuata yule bwana alihama na jamaa yake, na hatukuwahi kumwomba radhi. Jina lake hatulitaji, ila yeye akisoma jarida hili atajijua. Ndugu yetu, tulikukosea. Tunakuomba utusamehe. Hatukuombi urudi, wala hatukuombi utujibu. Tunataka tu usikie kwamba tumelisema mbele ya watu.

Ndiyo sababu tunasema Krismasi ni wokovu. Kama ingekuwa ni kushiba, ingekuwa imeisha mwaka 2007. Kama ingekuwa ni kurudi tu, ingekuwa ya baadhi yetu. Lakini kama ni Mungu kuja kukaa na watu waliofukuzwa, na kuwaponya hata na chuki waliyoibeba pamoja na magodoro yao, basi inatufaa sote: waliorudi, waliobaki, wenyeji wa Dabani, na wageni wapya wa kutoka Sudani, Sudani Kusini na Kongo, ambao siku hizi wanapanga foleni tuliyoipanga sisi.

Kamati imeazimia jambo dogo. Krismasi hii, katika kila mahali tunapopika pamoja, sahani ya kwanza apewe mtu ambaye hatukutaka aje. Kila jamaa inamjua wa kwake. Tusingoje apangwe na shirika, wala asitangazwe kwa kipaza sauti. Aitwe tu kwa jina lake, aketi, ale.

Tunawatakia ninyi nyote heri ya Krismasi na mwaka mpya wa amani. Mungu aibariki Uganda iliyotupokea, aibariki Kenya iliyotuzaa, na awapumzishe kwa amani waliobaki njiani.