Jua ni la Bure, Betri Si ya Bure

Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha watendaji wa kata na vijiji pamoja na kamati za usimamizi wa zahanati



Taifa letu limo katika safari ya kupunguza utegemezi wa mafuta ya kisukuku na kuelekea nishati jadidifu. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115 zitokanazo na maji. Lakini kwa zahanati iliyo mbali na nguzo za umeme, safari hiyo hufanyika juu ya paa lake yenyewe: jenereta inazimwa, paneli za sola zinafungwa.

Faida yake iko wazi. Jenereta ndogo inayokunywa lita 2 za dizeli kila usiku huhitaji lita 60 kwa mwezi. Kila mmoja wetu ajipigie hesabu kwa bei ya kituo cha mafuta, aongeze nauli ya bodaboda, na akumbuke kwamba mafuta hayo huagizwa kutoka nje ya nchi. Kila lita inayoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Jua halisafirishwi, wala halikwami njiani barabara inapokatika.

Hata hivyo, jua ni la bure, betri si ya bure. Dizeli hudai fedha kila wiki, ndiyo maana hutengewa fungu. Sola hukaa kimya kwa miaka, kisha hudai kwa mkupuo. Paneli hufanya kazi miaka 20 na zaidi, lakini betri za kawaida za risasi na asidi mara nyingi hudumu miaka 3 hadi 5. Kituo kisichojiandaa hushangilia siku ya uzinduzi, na miaka michache baadaye mkunga humzalisha mama kwa tochi ya simu, ilhali paneli ni nzima juu ya paa. Hapo ndipo jenereta hurudishwa, na watu husema sola haifai. Kilichoshindwa si sola; ni mpango wetu.

Tuchukue mfano. Ikiwa betri za zahanati zitagharimu shilingi 2,400,000 na kudumu miaka 4, akiba inayotakiwa ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinabebeka kikiwekwa kidogo kidogo. Kikisubiriwa hadi betri zife, hakipatikani usiku mmoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa sababu hiyo, tunaziomba kamati zitekeleze mambo manne.

Kwanza, mpango wa mwaka wa kituo, unaoanza kutekelezwa tarehe 1 Julai, uwe na kifungu cha matengenezo ya sola na akiba ya betri.

Pili, umeme wa zahanati ubaki kuwa wa zahanati. Simu za kijiji kizima, redio na televisheni zikichomekwa humo, betri hunyonywa hadi chini na maisha yake hufupika. Kumkatalia jirani ni kazi ngumu kwa mhudumu. Serikali ya kijiji imsaidie kwa kuweka utaratibu.

Tatu, paneli zifutwe vumbi, matawi yanayozitia kivuli yapunguzwe, na ulinzi wake uwe ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji.

Nne, mganga mfawidhi ajue aina ya jokofu la chanjo alilonalo. Majokofu yanayoendeshwa na jua moja kwa moja huhifadhi ubaridi katika barafu na hayategemei betri kubwa; mengine huzitegemea kabisa. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na chanjo iliyoharibika haionyeshi dalili kwa mama aliyembeba mtoto wake kilomita nyingi.

Waheshimiwa, kuachana na dizeli si kuachana na gharama. Ni kuchagua gharama ndogo inayotabirika badala ya kubwa isiyokwisha. Tukiipangia leo, taa ya chumba cha kujifungulia itawaka.